Piko Ndani ya Eda

Kama umewahi kwenda harusini Kariakoo au Magomeni, ukamwona bibi harusi kakaa kanyoosha miguu, na maua meusi ya piko yamempanda kutoka vidoleni hadi muundini, basi huenda umeiona kazi ya Shamsa binti Uledi bila kumjua mwenyewe. Ni mwanamke mfupi, mwenye ulimi mwepesi na mkono uliotulia. Baraza yake iko Mtaa wa Sikukuu, kwenye nyumba ya Kiswahili iliyobaki peke yake katikati ya maghorofa. Wateja wanamfuata hapo hapo, wanakaa mkekani, wanatoa viatu, wanaanza kumwaga ya nyumbani kwao. Shamsa husema hakuna mtu anayeweza kumdanganya aliyemshika mguu.

Maua siku hizi kila binti mwenye simu anachora, na mengine yanafanana na mdudu aliyekanyagwa. Sifa ya Shamsa ni kofia. Kofia ni ile piko nzito inayokifunika kidole cha mguu kuanzia ncha hadi kifundo cha kwanza, nyeusi tii, bila ua wala nukta. Ugumu wake uko kwenye ukingo. Mkono ukitetemeka kidogo tu, mpaka unapinda, na bibi harusi anaonekana kama mtu aliyekanyaga lami. Kofia za Shamsa zilinyooka kila siku, kidole kwa kidole, na alikuwa anajivuna nazo waziwazi.

Mumewe, Sadalla, alikuwa fundi wa makubazi. Alishinda uani juu ya kigoda, kazungukwa na vipande vya ngozi na kopo la gundi ambalo harufu yake iliingia hadi kwenye wali. Hakuwa mtu wa maneno. Siku aliyokwenda kumposa Shamsa, ndugu wanasema alitazama miguu kabla ya uso, na jozi aliyompelekea baadaye ilimkaa sawasawa bila kupimwa. Hawakujaaliwa mtoto. Walipendana kwa namna yao: kila sikukuu Sadalla alimtengenezea mkewe makubazi mapya, na Shamsa akajipaka kofia vidole vyote. Zikiwa bado mbichi, Sadalla aliiweka miguu ya mkewe mapajani, akainama, akavipuliza vidole kimoja kimoja mpaka piko ikauke. Majirani walimcheka.

“Wee Sadalla, kwani feni umeuza?”

Yeye aliendelea kupuliza.

Alikufa mchana, punde baada ya adhuhuri, soli ya mteja ikiwa mkononi. Presha, walisema. Shamsa alikuwa barazani anampaka bibi harusi wa watu. Alipoitwa alikimbia vivyo hivyo, piko mbichi vidoleni, akamshika mumewe usoni, akamkumbatia, hakutaka kumwachia. Waliomwosha marehemu walikuta shavuni alama ya kidole gumba, nyeusi. Wakaisugua, ikagoma. Sadalla akazikwa nayo.

Basi Shamsa akaingia eda, miezi minne na siku kumi, kama ilivyo sheria ya mjane. Hakuna kutoka ila kwa dharura, hakuna wanja, hakuna udi wala manukato, hakuna hina, na piko ndiyo usiiseme kabisa. Wifi yake, Zamzam, dada wa Sadalla, akaja na begi lake kutoka Magomeni kukaa naye. Huyu Zamzam ni muosha maiti. Akina mama wa Magomeni wakifiwa na mwanamke, yeye ndiye anayeitwa. Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyejua kunong'ona, na alimpenda kaka yake kuliko nafsi yake. Alikuja kumtunza mjane, ni kweli, lakini alikuja pia kuilinda eda ya kaka yake, na hilo hakulificha.

Shamsa alikaa. Alikaa siku nzima juu ya godoro kama mzigo uliosahauliwa stendi, hataki kula, hataki kuzunguka hata uani, kwa sababu uani kulikuwa na kile kigoda. Mwezi wa pili wa eda mguu wa kushoto ukavimba, ukawa mgumu na moto. Wakampeleka hospitali. Daktari akasema damu imeganda kwenye mshipa wa mguu, na bonge lile likikatika linaweza kupanda mapafuni likamuua. Akalazwa, akachomwa sindano za kuyeyusha damu, uvimbe ukapungua. Walimruhusu akamalizie sindano nyumbani, ila wakamsisitiza arudi baada ya siku chache apimwe damu.

Wa kumchoma alikuwepo pale pale nyumbani. Chumba cha mbele alipanga Clotilda, binti wa Masasi, nesi kwenye zahanati ya jirani, msichana wa upole anayeimba kwaya. Kila siku mchana, akitoka kula, alipita kumchoma Shamsa sindano ya tumboni.

Siku ya kurudi kupimwa ilipofika, Zamzam akakunja uso.

“Kuumwa ndiyo dharura. Kupimwa tu, mguu umeshapungua, hiyo si dharura. Mjane hatembezwi mjini kama mwali. Watu watasemaje?”

Shamsa hakuwa na nguvu ya kubishana na yeyote. Hakurudi.

Mambo yakaanza mchana uliofuata. Clotilda alimaliza kuchoma, akampa pole, akaenda kazini. Zamzam alikuwa jikoni. Shamsa akajilaza, na mara mwili wote ukamtetemeka, meno yakagongana, na jasho linamtoka vilevile. Nje machinga walikuwa wanaita wateja kwa vipaza sauti. Kelele hizo amezaliwa nazo, hazisikii tena, lakini alisikia zilipoondoka. Ziliondoka taratibu, kama mtu anayefunga mlango kwa adabu. Kukawa kimya, Kariakoo, saa saba mchana. Kisha akanusa gundi.

Kopo la gundi la Sadalla lilishatupwa siku nyingi. Zamzam mwenyewe ndiye aliyelitupa.

Halafu akahisi pumzi. Ilimpitia kwenye vidole vya mguu wa kulia, ule mzima, kidole kwa kidole, polepole, baridi. Shamsa alifumba macho. Aliijua pumzi ile, angeijua hata kaburini. Alipofumbua, chumba kilikuwa kitupu, pazia limetulia, machinga wameanza tena makelele yao. Akajivuta kuutazama mguu. Kidole gumba kilikuwa kimeingia weusi kwenye ncha.

Aliogopa, tusimsingizie ushujaa. Lakini nyuma ya hofu kulikuwa na kitu kingine ambacho aliona haya nacho, nacho ni furaha. Tangu Sadalla azikwe, hakuwahi kumwota hata mara moja.

Kesho yake sindano, baridi, kimya, gundi, pumzi. Kidole gumba kikawa cheusi hadi kifundo cha kwanza, na cha pili kikaanza. Shamsa alisogeza mguu kwenye mwanga wa dirisha akautazama kwa jicho la kazi. Ukingo ulikuwa umenyooka. Ni kofia, kofia yake mwenyewe, kama aliyojipaka sikukuu zote. Akakumbuka alama ya gumba kwenye shavu la marehemu, mwili ukamsisimka wote. Nilimtia piko nikamzika nayo, aliwaza, sasa ananirudishia.

Zamzam aliiona wakati Shamsa anatia udhu. Kopo la maji likamtoka mkononi.

“Shamsa! Piko? Ndani ya eda ya kaka yangu umejipaka piko?”

“Sikupaka, wifi.”

“Hukupaka! Imeota?”

“Wallahi sijashika piko tangu siku ile.”

“Usiape! Kaka yangu udongo haujakauka, wewe unajipamba. Unampambia nani?”

Maneno yale yalimkata Shamsa vibaya. Angeweza kusema, ananipaka kaka yako. Angeweza pia kusema kwamba mguu unawaka ndani kama umechomekwa jikoni, na usiku haulali. Akaingia chumbani akavaa soksi, na tangu siku hiyo hakuzivua mbele ya mtu. Udhu alitia kajifungia. Clotilda alipokuja kuchoma aliona tumbo tu, na tumboni mlikuwa na mabaka mekundu yaliyoiva hadi kuwa meusi, pale pale sindano zilipoingia.

“Mama, mbona unavilia damu hivi? Ngoja leo nikuchome upande mwingine.”

“Nichome tu, mwanangu.”

Aliisubiri sindano. Hilo ndilo la ajabu, na mimi nilipolisikia nilisisimka kuliko yote. Alikuwa ameshagundua kwamba Sadalla haji asubuhi wala jioni. Anakuja baada ya sindano. Kwa hiyo kila adhuhuri ikiisha, Shamsa alikaa tayari, kakunja gauni, anasikiliza ndala za Clotilda korido.

Na alijua mwisho wake. Nani ajue kuliko yeye? Bibi harusi hapakwi kwa ajili ya kukaa. Anapakwa mguu mmoja, anapakwa wa pili, kisha wanakuja wenyewe kumchukua. Sadalla alikuwa amefika kidole cha tatu cha mguu wa kulia. Akimaliza miguu yote miwili, hakuna swali, ataondoka naye. Wakati mwingine Shamsa alisema moyoni, na anichukue basi, hapa nina nini? Wakati mwingine, akisikia wanawake wanacheka mtaani, au akinusa mtu anakaanga mihogo, alijua kwamba hataki kufa. Alikuwa anakwenda huku na huku kati ya mawili hayo, ndani ya soksi zake, na hana wa kumwambia.

Siku aliyovua soksi akakuta weusi umegusa ncha ya gumba la mguu wa kushoto, alilia kwa sauti ya chini hadi akachoka.

Ijumaa hiyo ndugu walikuwa waje kumsomea marehemu. Zamzam aliamka na shari yake.

“Leo hiyo piko inatoka. Sitaki shangazi zangu waione wakaitangaze hadi Jangwani. Kaa hapo.”

Alikuja na beseni, malimau na dodoki. Shamsa akakataa, wakavutana kama watoto, na Zamzam ana mikono ya kugeuza maiti, hashindwi na mjane aliyekonda. Akazivuta soksi, akakandamiza mguu wa kulia kwenye beseni, akamimina limau, akasugua. Alisugua kidole gumba kwa nguvu zote za hasira yake. Limau likaingia kwenye mchubuko. Shamsa alikuwa anamtazama tu, kana kwamba kidole si chake.

Zamzam akasita. Akaacha dodoki. Akakishika kidole kile kwa mkono mtupu, akakiminya, akakiachia. Akashika cha pili. Akapandisha mkono hadi kwenye unyayo, akaurudisha. Uso wake ukabadilika. Mikono ile imeosha wanawake wengi, na kuna baridi moja ambayo mikono yake haiwezi kuichanganya na nyingine.

“Wifi,” alisema, na kwa mara ya kwanza maishani alinong'ona. “Hii si piko. Hivi vidole vimekufa.”

Ndala zikasikika korido. Clotilda akaingia na sindano yake, akawakuta wamekaa chini, beseni katikati, Zamzam kamshika Shamsa mguu.

“Shikamooni. Kuna nini?” Akauona mguu. “Yesu wangu! Mama, tangu lini? Damu bado inaganda. Tumchome haraka, halafu twende hospitali.”

Akachomoa kifuniko cha sindano. Akashika ngozi ya tumbo, akatafuta mahali pasipo na baka. Shamsa aliitazama ile ncha. Alijua kinachokuja baada yake: baridi, kimya, gundi. Pengine leo angemaliza mguu wa kushoto wote. Alitaka kunyamaza. Kusema kulikuwa ni kumshtaki mume wake, tena marehemu, tena mbele ya dada yake. Lakini Zamzam alikuwa bado ameushika mguu, na mkono wa Zamzam ulikuwa na joto, na Shamsa akagundua kwamba joto lile halifiki vidoleni. Linakomea kwenye ukingo.

“Usinichome,” alisema.

“Mama, hii ndiyo dawa yenyewe.”

“Usinichome, Clotilda. Kila ukinichoma, huja.”

“Nani?”

“Sadalla. Kila ukinichoma, mwili unatetemeka, halafu anakuja ananipaka. Asubuhi haji. Usiku haji. Usiponichoma hatakuja.”

Mtu mwingine angesema mjane kapandisha mashetani. Clotilda alirudisha kifuniko polepole. Hakuamini mzimu, ana msalaba shingoni, lakini mkono wenyewe ulikataa kuendelea. Wakamwingiza Shamsa kwenye bajaji, Zamzam kamfunika miguu kwa kanga, na hakusema tena habari ya watu watasemaje.

Hospitalini walikutana na daktari mwingine, Dk. Vitalis, kijana mwenye macho ya usingizi. Clotilda alieleza habari ya mguu, habari ya mabaka tumboni, na mwisho, kwa aibu, akaeleza habari ya marehemu. Alidhani daktari atacheka. Daktari aliinua macho.

“Rudia hapo. Kila akichomwa?”

“Ndiyo, Dokta. Anatetemeka, halafu weusi unaongezeka.”

“Sindano gani? Ameanza lini? Baada ya kutoka hapa alirudi kupimwa damu?”

Zamzam aliinamisha kichwa. “Hakurudi. Mimi ndiye niliyemzuia. Dini haikukataza, Dokta, ni mimi.”

Damu ikapimwa haraka, na jibu likamfanya Dk. Vitalis asimame. Alivuta kiti akakaa karibu na kitanda, akamweleza Shamsa kwa utaratibu, kama mtu anayemweleza mama yake. Ile sindano inaitwa heparini, alisema, na ni dawa nzuri, imeokoa watu wengi. Lakini kuna wachache ambao kinga ya mwili inaiona dawa ile kama adui aliyeingia nyumbani. Kinga inatuma askari wake, na askari hao wanazichokoza zile chembe ndogo za damu ambazo kazi yake ni kuziba jeraha. Chembe zinachachamaa, zinashikana, zinaganda humo humo mishipani bila jeraha lolote. Zilizobaki kwenye damu ya Shamsa zilikuwa chache mno, kwa sababu nyingine zote zilishajifunga kwenye mabonge.

“Kwa hiyo dawa ya kuyeyusha ndiyo inayonigandisha?”

“Kwako wewe, ndiyo. Na kila tukikuongezea, tunakuumiza zaidi.”

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishamaliza. Clotilda alikaa sakafuni akalia, mikono kaificha kwapani kana kwamba hataki kuiona.

“Nimekuchoma kwa mkono wangu, mama. Kila siku.”

“Hukujua, mwanangu. Na mimi niliyejua nilinyamaza.”

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” alisema Zamzam kwa uchungu, na hakuwa anamsema Shamsa peke yake.

Wakabadilisha dawa, wakampa vidonge vya aina nyingine kabisa. Daktari akawatahadharisha: asichomwe heparini tena, hata kidogo, hata ile ya kusafishia mrija wa dripu. Mwili umeshaijua, na safari hii hautachukua siku nyingi, ni dakika. Zamzam akageuka mlinzi. Kila aliyekaribia kitanda na kitu chenye ncha alikutana naye.

“Si ile?”

“Hapana mama, hii ya maumivu.”

“Apa.”

Manesi walimcheka, lakini waliapa.

Kisha ikaja adhuhuri ambayo Zamzam alitoka kwenda kuswali. Wodi ilikuwa na joto, Shamsa anasinzia. Mrija wa dripu mkononi ulikuwa umeziba. Na katika usingizi ule kelele za wodi zikaanza kuondoka, taratibu, kwa adabu. Mwanamke wa kitanda cha jirani alikuwa anacheka na simu, kicheko kikazimika. Shamsa akanusa gundi.

Alifumbua macho. Sadalla alikuwa amekaa miguuni pake, juu ya kigoda, kichwa kakiinamisha kama mtu anayetafuta uzi. Shavuni ile alama nyeusi ilikuwepo. Alikuwa ameuweka mguu wa kushoto mapajani, na uso wake ulikuwa na upendo, ule ule wa siku zote. Hilo ndilo lililomtisha Shamsa kuliko kitu chochote alichowahi kukiona. Angekuja na chuki, angemfukuza kwa Ayatul Kursi. Alikuja na mapenzi. Alivuta pumzi kwa ajili ya kupuliza.

“Siendi,” alisema Shamsa. “Sadalla, mume wangu, siendi. Niache.”

“Hatuendi popote, mama,” alijibu mtu.

Alikuwa nesi mgeni, amesimama pembeni, ameshika mrija kwa mkono mmoja na bomba dogo la sindano kwa mwingine. Ncha ilikuwa karibu igusane na mrija.

“Nini hiyo?” Shamsa aliuliza.

“Ya kuzibulia mrija tu, mama. Haiumi.”

“Inaitwaje?”

Nesi alitabasamu kama tunavyowatabasamia wazee, akaitaja. Shamsa alivuta mkono kwa nguvu hata mrija ukachomoka, damu ikaruka kwenye shuka nyeupe, akapiga ukelele uliomleta Zamzam mkeka mkononi, na Dk. Vitalis nyuma yake. Nesi yule alipoelezwa alikaa kwenye kitanda kitupu. Shamsa alitazama miguuni pake. Hapakuwa na mtu wala kigoda.

Weusi ulisimama. Mguu wa kushoto ulipona, gumba likachubuka likatoa ngozi mpya. Vidole vitatu vya kulia havikurudi. Daktari hakuvikata upesi, alisema anasubiri nyama hai na nyama mfu ziachane zenyewe, na mpaka kati yake ujichore. Ulipojichora, vikakatwa.

Kiungo cha Mwislamu hakitupwi. Zamzam alivipokea, akaviosha, akavifunga kitambaa cheupe, na Abdulswamad, mdogo wake yeye na marehemu, akaenda kuvifukia makaburini, pembeni ya kaburi la Sadalla. Jioni Zamzam alikaa kitandani kwa wifi yake. Alikuwa na jambo.

“Nimeosha watu wengi, Shamsa. Nisikufiche. Ule mpaka ulikuwa umenyooka kabisa. Kama umepiga wewe.”

“Najua,” alisema Shamsa.

Zamzam akamfunika miguu kwa kanga.

Eda ilikwisha. Zamzam alimwogesha wifi yake, akamvika gauni jipya, akamfukizia udi, akamkalisha barazani watu wamwone. Clotilda alikuja na maua. Wakauliza nani atampaka hina, maana mjane akitoka eda hupakwa, na mabinti wawili wenye simu zao walikuwa tayari wanagombania.

“Nitajipaka mwenyewe,” alisema Shamsa.

Hakutaka piko. Alikoroga hina ya majani kwa ndimu, ile nyekundu. Akanyoosha mguu wa kushoto juani, akavisha kofia vidole vyote vitano. Kisha akanyoosha wa kulia, na wanawake wakatazama pembeni kwa heshima, lakini yeye hakuharakisha. Akapaka viwili vilivyobaki, ukingo umenyooka, mkono haukutetemeka. Akaiweka miguu yote miwili juu ya kigoda cha marehemu, akaegemea ukuta, akasubiri.

Machinga walikuwa wanapiga makelele. Adhuhuri ilipita. Hina ilikuwa mbichi, na Shamsa alisubiri, mwenyewe bila kujua anasubiri nini, hadi akajikuta amezuia pumzi. Hakuna aliyepuliza. Ikakauka kwa jua, polepole, kidole kwa kidole, na hapo ndipo Shamsa binti Uledi alipomlilia mumewe kwa sauti, mbele za watu, kama mtu aliyepewa habari za msiba siku hiyo.